Nilivyolikimbilia Yowe la Droni Yangu Mwenyewe

Nimeitunza aibu hii tangu alizeti zilipokuwa shambani zinachanua mpaka sasa zimevunwa na nyingine nimeshazikamua mwenyewe kwa mashine, na nilikuwa nimeapa haitatoka mdomoni mwangu, lakini juzi nimekaa kwa kinyozi nikasikia mtu asiyenijua anaisimulia, na anaisimulia vibaya, anasema nililia mbele za watu (sikulia, ulikuwa upepo wa Singida na vumbi lake, kila mtu wa hapa anaujua), basi nikaona kama ni kuchekwa nichekwe kwa maneno yangu mwenyewe. Mimi ndiye yule mtu aliyesikia yowe la mwizi, akakamata fimbo, akakimbia mbele ya wenzake wote, na alipofika akakuta mwizi anayetafutwa ni yeye. Ndiyo. Ni mimi. Chekeni kwanza mmalize, maana mbele huko mimi sicheki, nina hasira, na majina nitayataja.

Ni watu watatu. Jumanne, dereva wa bodaboda, ambaye mdomo wake hauna breki kama pikipiki yake. Mama Neema, jirani yangu wa upande wa korongo. Na mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Kisuda, na huyu nimemweka mwisho kwa sababu nikianza naye sitafika popote, nitakaa hapo hapo natukana mpaka karatasi iishe.

Mimi naitwa Baba Rehema, elimu yangu darasa la saba, na hata hilo la saba nililimaliza kwa kusukumwa. Kazi yangu ni mashine ya kukamua alizeti. Zamani kidogo mkanda wa hiyo mashine ulinishika mkono wa kushoto ukaondoka na vidole viwili, nusura uondoke na mimi mzima, na tangu hapo watu wa mtaani wananiita Nane, kwa hesabu ya vidole vilivyobaki, na hakuna hata mmoja anayeona ni vibaya. Sasa kulikuwa na fundi mmoja wa kupima viwanja aliyepanga chumba cha uani kwangu, alikuwa na droni mbili, na ile ndogo ya zamani alikuwa ananiachia nichezee jioni. Alipomaliza kazi na kuhama akanipa moja kwa moja. Ile kitu inaongozwa kwa vidole gumba viwili tu, na gumba zangu zote zipo. Mnaelewa maana yake? Tangu ajali ile, ilikuwa mara ya kwanza nashika kitu ambacho hakiniulizi vidole vingine viko wapi. Nilikuwa nafunga mashine, nanawa mafuta, natoka nje, na kwa robo saa nakuwa mtu asiyepungukiwa na kitu. Basi. Sikuwa napiga picha harusi, sikuwa napata chochote, ilikuwa starehe yangu, na mtu wa miaka hamsini na kitu ana haki ya kuwa na starehe moja.

Na asije mtu akasema nilirusha kiholela. Kwetu hapa ni pembeni ya mji, ukisimama nyuma ya mashine yangu unaliona korongo, ng'ambo ya korongo kuna ua wa mkonge, na nyuma ya mkonge ndipo uzio wa uwanja wa ndege. Anga ya huko imefungwa. Nilijua. Ndiyo maana nilihangaika na kibali karibu mwaka mzima, barua hapa, barua pale, fomu za Kiingereza ambazo alinijazia mwenye duka la kuchapa Utemini huku ananicheka, polisi nikahojiwa kama naleta bunduki, mpaka siku moja kikaja, kina jina langu, na namba ya kubandika kwenye droni. Nimeruhusiwa kurusha upande wangu wa korongo, nisivuke, nisipite kimo kilichoandikwa, nisiipoteze machoni, na kabla ya kurusha nipige simu ofisi ya uwanja. Na barua ya kwanza kabisa, ile ya utambulisho inayosema huyu ni mkazi wetu na tunaijua droni yake, iliandikwa na kugongwa mhuri na nani? Na Mzee Kisuda. Kwa mkono wake. Nilimpelekea na kuku. Shikeni hilo.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, umeme ulikatika mchana, mashine ikanyamaza, nikakaa na ovaroli langu la mafuta nikiangalia mbingu, nikasema ngoja niipandishe kidogo. Nikapiga simu uwanjani. Akapokea Bi Anjela, afisa wa pale, mama mmoja mpole lakini mkali kwenye kazi.

"Baba Rehema, leo kuna ndege saa kumi kasoro. Uwe umeshusha saa tisa na nusu."

"Saa tisa na nusu nitakuwa nakunywa chai, Bi Anjela."

Tukacheka. Saa yangu ilikuwa inasema tisa na robo. Nikaipandisha.

Jamani, alizeti zikiwa zimechanua, ukiziangalia kutoka juu kwenye kioo cha simu inayobanwa kwenye rimoti, hakuna mpaka wa shamba la huyu na la yule, ni njano tupu mpaka kwenye korongo. Nilikuwa nimeisimamisha hewani, upande wetu, ndani kabisa ya ruhusa, naangalia tu. Ndipo likalia yowe.

Sasa kwa wasiokuwa wa huku niseme hili, maana bila hili mtaniona mjinga zaidi ya nilivyo. Yowe kwetu si kelele. Yowe likipigwa, mwanamume yeyote anayelisikia anaacha alichoshika anakwenda, na fimbo. Unakula, acha. Unanyoa upande mmoja, nenda na huo mmoja. Usipoonekana, mkutano unaofuata unasimamishwa katikati ya watu, ulikuwa wapi, na unatoa mbuzi, na huyo mbuzi ndiyo nafuu, kwa sababu siku yako ikifika utapiga yowe peke yako mpaka koo lichanike. Na wiki mbili kabla ya hapo ng'ombe walikuwa wameibwa kwa mkwe wake Mama Neema, kule Mwankoko, kwa hiyo watu walikuwa wanalala na viatu.

"Wezi! Wezi wa ng'ombe! Wamekuja! Uwiii!"

Sauti ya Mama Neema. Hapo ndipo nilipofanya kile kiuamuzi kidogo kilichonimaliza. Kushusha droni kunataka dakika mbili, tatu kukiwa na upepo. Nikawaza: dakika tatu zote watu wakikimbia mimi nipo hapa naangalia juu, nani atanielewa? Na ile kitu ukiiacha inasimama yenyewe hewani kama taa, na kutoka kwa Mama Neema ninaiona vizuri, na sheria inataka uione. Nikasema itanisubiri. Nikachukua fimbo mkono wa kulia, rimoti mkono wa kushoto, nikatimua.

Nilikimbia, jamani. Kwa umri ule na tumbo lile nilikimbia kama ninadaiwa roho. Njia ya mkato ya kwenye majani ya viazi naijua mimi, wengine wakanifuata, watu kama arobaini, na mimi mbele yao natoa amri: "Zungukeni huku! Msimwache avuke korongo! Akivuka amekwenda!" (Maneno hayo mpaka leo wananisalimia nayo. Nikipita utasikia mtu anasema, "Nane, usimwache avuke korongo.")

Tukafika kwa Mama Neema tunahema. Yupo katikati ya uwanja wake, kanga imefungwa kiunoni, ng'ombe wake wote wapo zizini wanacheua, hakuna mlango uliovunjwa, hakuna mtu.

"Mama Neema, wako wapi?" nikauliza mimi. Mimi! Nikiwa na fimbo juu!

"Wale pale!" Akanyoosha mkono mbinguni. "Kidude chao kile! Kinahesabu ng'ombe zangu!"

Tukainua macho wote arobaini. Droni yangu. Inawaka taa zake nne, imetulia, upande wetu wa korongo, haina habari.

Hapa nianze na Jumanne. Kidude cha kuhesabu ng'ombe ni maneno yake. Tangu ule wizi alikuwa anabeba abiria anawamwagia njia nzima kwamba wezi wa siku hizi wana kidude kinachoruka, kinakuja mchana kuhesabu zizini, usiku wenyewe wanakuja na lori. Na Jumanne huyo huyo nilishampiga picha kwa hiyo droni, akiwa juu ya pikipiki amevaa miwani, na hiyo picha ndiyo iliyo kwenye simu yake mpaka leo! Mama Neema naye alikuwa kwa binti yake miezi mingi analea mjukuu, amerudi juzi, hajawahi kuiona, akasimuliwa na Jumanne. Haya. Ukiwa hujui na umeambiwa hivyo, ukaona kitu kile juu ya zizi lako, utafanya nini? Hata mimi ningepiga yowe. Lakini wengine, nusu ya wale watu, walikuwa wameiona kwangu. Wakanyamaza. Walikuwa wameshakimbia na fimbo, mtu akishakimbia na fimbo hataki kuambiwa arudi nyumbani.

Nami, je? Nami ningesema, "Samahanini, ni yangu, ngoja niishushe." Maneno matano. Hayakutoka. Nilikuwa nimeongoza jeshi, nimetoa amri, nitasemaje ni yangu? Nikaivuta zipu ya ovaroli taratibu, nikaiingiza rimoti kifuani pamoja na simu yake, nikafunga zipu, nikasimama na mimi nashangaa juu. Tena nikatikisa kichwa. Nikasema, "Duh, hawa watu wana mbinu." Akili yangu ilikuwa inaniambia betri ikipungua ile kitu inarudi yenyewe ilikoanzia, ndivyo ilivyotengenezwa, itaondoka, watu watasema imekimbia, na yataisha.

Ilichosahau akili yangu ni kwamba betri ikipungua, rimoti inalia.

Titi. Titi. Titi.

Mtu mmoja akaangalia mfukoni kwake. Mwingine akaangalia wake.

Titititi.

"Ni simu ya nani?"

"Si simu. Sikiliza. Inatoka kwa Nane."

"Nane, kifua kinalia."

"Ni... ni dawa," nikasema. Mnasikia? Dawa! Kifua kinalia titi-titi, nasema ni dawa!

Jumanne akaja, akashika zipu yangu mbele za watu kama mtu anayefungua mfuko wa mkaa, akaivuta mpaka kitovuni (na ndani nilikuwa na fulana ya kampeni imetoboka tumboni), na rimoti ikatokea, inawaka nyekundu, inalia, na kwenye kioo cha simu wakajiona wote, wadogo wadogo, wamezunguka mtu mmoja.

Halafu Mama Neema akasema polepole, "Baba Rehema. Ni wewe unayehesabu ng'ombe zangu?"

Fimbo ya kwanza ilinipata mgongoni, sikuona ya nani. Ya pili begani. Mtu anasema mchomeni, mwingine anasema ngojeni kwanza tumjue mwenzake, na mimi natoa kibali kutoka mfuko wa nyuma, nakipeperusha, "Nina kibali! Nina kibali jamani!" na hakuna anayesoma, karatasi ikapigwa na upepo ikapita, nikaikimbilia nikainama kuiokota, na nilipoinama nikapata ya tatu mahali ambapo sitapaandika. Watu wanaofahamiana na mimi. Watu waliokula wali msibani kwa mama yangu.

Ndipo akafika Mzee Kisuda na baiskeli yake. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikasema sasa yameisha, mwenye mhuri amekuja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kuna nini hapa?"

"Mzee, ni ile droni. Ile ya barua. Waambie."

Akaniangalia. Akawaangalia watu, na fimbo zao, na macho yao. Nilimwona akihesabu, na alikuwa hahesabu ng'ombe, alikuwa anahesabu kura.

"Barua gani?" akasema.

Maneno mawili. Mpaka leo nikikaa peke yangu kwenye mashine, kelele yote ile ya mkanda, nayasikia. Barua gani. Wewe Mzee Kisuda, mhuri ulikuwa wa nani? Kuku ulimla na nani?

Wakati huo droni ikaanza kuondoka yenyewe, betri imefika pale pake, inarudi kwangu kama ilivyofundishwa. Ingefika. Ilikuwa imebakiza kidogo tu ipite juu ya zizi ishuke nyuma ya mashine yangu, pale pale ilipopandia, na mimi leo ningekuwa nasimulia habari ya fimbo tatu tu.

"Kinatoroka!" Jumanne akapiga kelele. "Mwenyekiti, kinatoroka!"

"Lete hicho," Mzee Kisuda akanyoosha mkono. "Nakizuia mimi."

Nikampa rimoti. Nikamwambia, "Mzee, usiguse kitu, kinarudi chenyewe," lakini maneno gani yatasikika pale. Akakandamiza kijiti kimoja cha kuongozea mpaka mwisho kwa ile gumba yake nene, halafu na cha pili, na droni ikasita, ikageuka kichwa, upepo ukaipokea kutoka nyuma, ikaondoka kuelekea korongo kama imetumwa.

"Mzee, achia!"

"Nakishusha!"

"Hushushi, unasukuma! Achia vyote viwili!"

"Usinifundishe kazi mbele za watu wangu!"

Ikavuka korongo. Watu wakashangilia (wakashangilia! wanaona mwizi anafukuzwa). Ikavuka mkonge. Ikavuka uzio. Na hapo tukasikia mlio mwingine, mkubwa, kutoka upande wa ziwani, nikaangalia saa, ilikuwa imeshapita tisa na nusu, na ndege ile ndogo ya abiria inakuja chini chini, magurudumu yako nje, mapema kuliko ilivyotajwa.

Sijui mnajua ni nini kuona ndege yenye watu inakaribia ardhi na wewe unajua kuna kitu chako mbele yake. Nilikaa chini kwenye mavi ya ng'ombe, sikujali. Kisha injini ikanguruma, pua ikainuka, ikapanda tena, ikapita juu yetu tukalala kifudifudi wote, mwenyekiti na fimbo zote, ikaenda kuzunguka ziwani. Ilirudi ikatua salama, na hiyo namshukuru Mungu mpaka kesho. Droni yangu ilikuwa imeshaishiwa betri, imejishukia yenyewe kwenye nyasi, hatua chache kutoka kwenye njia ya kurukia.

Mzee Kisuda akainuka, akajipangusa magoti, akanirudishia rimoti mkononi, taratibu, kama mtu anayemrudishia mama mtoto aliyejikojolea. Kwa hiyo walinzi wa uwanja walipofika na gari lao na kuuliza, "Nani mwenye hiki?" mimi ndiye niliyekuwa nimekishika, na vidole vyote vya mtaa vikanielekea, na cha kwanza kilikuwa cha mwenyekiti.

Nilipandishwa nyuma ya gari na ovaroli limefunguka, nikapitishwa barabarani, wanawake wa sokoni wanasimama kuangalia. Ofisini nikamkuta Bi Anjela. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma kuliko fimbo.

"Baba Rehema, wewe? Wewe ndiye ninayewaambia wengine wakuige."

Nikamweleza yote. Akaandika. Akasema, "Hili ni kubwa, lakini kama kweli uliporwa rimoti, kosa si lako, na kibali chako naweza kukitetea. Jumatatu saa nne uniletee waliosikia na kuona. Hata wawili. Bila hivyo kinafutwa na droni hairudi kwako."

Wawili! Kwenye watu arobaini! Nilitoka pale nacheka.

Nilianza Jumamosi asubuhi nikamaliza Jumapili magharibi, mlango kwa mlango, na mgongo umevimba. Jumanne akasema, "Mzee Nane, wakati ule nilikuwa nimeinamia plagi ya pikipiki, sikuona." Pikipiki gani? Alikuja kwa miguu! Zipu yangu alivutaje akiwa ameinamia plagi? Mwingine akasema macho yake mabovu. Mwingine, tunasali naye mstari mmoja, akanishika bega akaniambia ukweli, na ni bora angenidanganya: "Niliona kila kitu, ndugu yangu. Lakini binti yangu anaomba chuo, barua ya utambulisho ataiandika nani? Wewe?" Nikazunguka nyumba zote isipokuwa ya Mama Neema. Kwake sikwenda. Aliyepiga yowe nikampigie magoti? Ningekufa kwanza.

Jumatatu nikaenda peke yangu. Saa nne. Saa nne na nusu. Bi Anjela anaangalia mlango, mimi naangalia sakafu. Karibu na saa tano mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Neema, kanga mpya, viatu vya kanisani, jasho linamtoka, ametembea kwa miguu kutoka kwetu.

"Nimesikia mnatafuta aliyeona," akasema, wala hakuniangalia. "Mimi niliona. Mimi ndiye niliyepiga yowe."

Nikamsamehe palepale. Nikasema moyoni, kumbe mtaa mzima una mwanamume mmoja naye ni huyu mama. Akaeleza kila kitu, sawasawa, bila kupunguza: kwamba kitu kilikuwa upande wetu wa korongo, kwamba kilianza kurudi chenyewe, kwamba aliyekibonyeza kikavuka ni Mzee Kisuda, "na nitasema hata yeye akiwa amekaa hapa." Bi Anjela anaandika haraka, uso umeanza kukunjuka. Akasema huyu mmoja anatosha kwake. Kisha akauliza swali la mwisho, wala hakuuliza kwa ubaya, ni la kwenye fomu.

"Mwenyekiti alimpora? Alimnyang'anya kwa nguvu?"

Mama Neema akafikiri.

"Hapana. Alisema lete, Baba Rehema akampa."

"Akampa vipi?"

"Kama unavyompa mkubwa. Kwa mikono miwili. Na goti alikunja kidogo."

Kalamu ikasimama. Bi Anjela akanigeukia. "Ni kweli?"

Ningeweza kusema si kweli. Nilikuwa nimeshamwambia niliporwa, tangu Ijumaa nilikuwa najiambia hivyo hivyo mpaka nikaamini, na ninyi nimewapitisha haraka pale, nimesema "nikampa" nikaendelea na habari ya gumba yake. Lakini mama yule alikuwa ananiangalia sasa, kwa mara ya kwanza tangu aingie, hana chuki, anasubiri tu. Na mikono yangu ilikumbuka. Nimepigwa fimbo tatu, nimekanwa mbele za watu, "barua gani", na bado mtu yule yule aliponyoosha mkono nilikunja goti nikampa kwa mikono miwili, vidole vyangu vinane vyote, kwa adabu, kama nampa chai.

"Ni kweli," nikasema.

Akanionesha mstari kwenye kibali, kwamba mwenye kibali hatamkabidhi mtu mwingine yeyote rimoti. Akasema aliyeporwa ana la kumtetea; aliyetoa mwenyewe hana. Akagonga mhuri wake. Kibali kimefutwa, droni imebaki huko, na Mzee Kisuda? Aliandikiwa barua ya onyo. Barua! Yeye na barua wanaelewana.

Tulirudi na Mama Neema kwa miguu, upepo unatupiga usoni. Karibu na korongo nikashindwa kujizuia, nikamwambia, "Mama Neema, neno moja tu. Ungesema alininyang'anya."

"Ningesema lipi, Baba Rehema? Uongo? Juzi nilisema kitu nisichokijua nikakuletea watu arobaini. Leo nimesema nilichokiona." Akafunga kanga vizuri. "Na wewe ulipewa mdomo. Mbona hukumwambia hapana?"

Mpaka leo bado nina hasira naye, na nina hasira na Jumanne na plagi yake, na mwenyekiti ndiyo usiseme, na saa kumi nikishafunga mashine natoka nje kwa mazoea, nasimama nyuma pale, gumba zangu hazina kazi.

Yowe likilia nitakwenda, hilo siwezi kuliacha, nitakufa na watu. Lakini nimeapa hivi: Mzee Kisuda akija mbele yangu nitamwamkia, maana ni mkubwa wangu na mama alinifundisha, nitasema shikamoo kwa sauti, nitasubiri marahaba yake, na akinyoosha mkono kuomba chochote nilichonacho, hata kiberiti, atakuta mikono yangu iko nyuma mgongoni, na magoti yamenyooka.